Linet Masai na Mita ya Mwisho

Kazi bora kuhusu kuwa macho iliyowahi kutoka Kapsokwony si riwaya wala diwani. Ni mbio. Mita 10,000 za wanawake, Berlin, tarehe 15 Agosti 2009, mizunguko 25, na mshindi ni binti wa miaka 19 aliyezaliwa hapa hapa Kapsokwony, Linet Masai. Nimezitazama mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote, na kila nikizitazama naona kwamba tumekuwa tukizisoma vibaya.

Kama hujaziona, mambo yalikuwa hivi. Tirunesh Dibaba hakuwepo. Wa kuogopwa alikuwa Mwethiopia mwenzake, Meselech Melkamu, ambaye miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amekimbia umbali huo kule Utrecht kwa 29:53.80. Kenya haikuwa imeonja dhahabu ya mbio hizi katika mashindano ya dunia tangu Sally Barsosio, mwaka 1997. Mwishoni Melkamu anachomoka, anaingia kwenye mnyoosho wa mwisho akiwa mbele, na hatua chache kabla ya mstari mikono yake inaanza kupanda. Ashamaliza, anavyojua yeye. Halafu Linet anapita. 30:51.24 kwa 30:51.34. Yaani baada ya nusu saa nzima ya kukimbia, tofauti ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukiipima kwa kamba haifiki mita.

Sasa, ukizitaja mbio hizo mbele za watu, iwe hapa mlimani au kwenye matatu ya Nairobi, utaambiwa habari za mikono ya Melkamu kabla ya kuambiwa habari za miguu ya Linet. Methali iko tayari mdomoni: usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Mbio zinageuka somo la maadili, mhusika mkuu anakuwa yule aliyeshindwa, na mshindi anabaki kama ajali iliyompata mtu mwingine. Usomaji huo ni wa uvivu. Unatupa kitu kizuri zaidi kilichomo ndani ya zile sekunde.

Hebu irudishe nyuma uitazame tena. Mikono inapoanza kupanda, kila mtu uwanjani anaisoma. Maana yake haina utata: imekwisha. Na mtu aliye karibu zaidi na mikono hiyo kuliko wote, anayeiona kwa upana wake mbele ya uso wake, ni Linet. Ana kila sababu ya kuamini. Mapafu yanawaka, miguu imekwisha, fedha ya dunia ukiwa na miaka 19 si haba, na aliye mbele ameshatangaza matokeo. Kwani nani angemlaumu kama angelegeza kidogo tu? Lakini msomaji huyo wa karibu kuliko wote hakuisoma ile mikono. Alikuwa bado anakimbia. Uwanja ulikuwa umebaki, basi mbio zilikuwa zimebaki. Melkamu alikuwa tayari yuko kwenye dakika inayofuata, ile ya bendera na picha. Linet hakuwa ameondoka.

Hicho ndicho ninachokiita kuwepo. Sioni utulivu wowote hapo, wala tabasamu, wala ile hali tunayouziwa siku hizi kwenye programu za simu, ya sauti nyororo ikikuambia uvute pumzi na ujisikilize. Linet hajisikilizi. Kama angejisikiliza hata kidogo angesikia mwili ukimwambia aache.

Nina sababu ya kulileta jambo hili kwenye jarida linalosomwa na watu wa mjini. Mlima Elgon umeanza kutajwa kama mahali pa kwenda kujipata. Wanakuja kutoka Nairobi, Eldoret, Kisumu, kwenye gari moja la kukodi, wanakaa siku mbili tatu, simu zimezimwa (mpaka wakati wa picha), na wakirudi wanasema kwamba huku walihisi wako hai kweli. Siwacheki. Mji unachosha, na hewa ya huku ni tofauti. Asubuhi ukungu unateremka mpaka kwenye mabati, baridi inakuamsha kabla ya jogoo, na ukitembea barabara ya kupanda kutoka Kimilili unaanza kusikia moyo wako wenyewe. Ila neno wanalokuja nalo, hilo la kuwepo, linapokewa na mlima ambao una maana zake nyingine za neno hilo.

Chukua Pango la Kitum. Kutoka Kapsokwony unashuka hadi Kamukuywa, unashika lami ya Kitale, halafu Endebess hadi lango la Chorlim, ndani ya mbuga ya taifa. Pango linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Vizazi na vizazi vya ndovu vimekuwa vikiingia humo usiku, gizani kabisa, vikipapasa njia kwa mkonga, mama mbele na mtoto nyuma, kando ya nyufa ambazo mtoto anaweza kutumbukia. Wageni wakifika hapo hupenda kuzima tochi ili wapate hisia. Nimezima pia, na ni kweli, giza la Kitum linakufanya usikie mpaka kope zako. Lakini ndovu haingii Kitum kutafuta hisia. Anaingia kutafuta chumvi. Anachimbua mwamba kwa pembe, anausaga kwa magego, anameza, anatoka. Umakini ule wote wa mkonga, ule wa kugusa jiwe kwa jiwe, ni nauli tu ya kufikia chumvi. Sisi tumekuja kununua nauli.

Maneno yetu yenyewe yanajua jambo hili. Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya mtu aliye macho: kaa chonjo, kuwa ange, kuwa na hadhari, jihadhari. Yatazame vizuri. Karibu yote ni maneno ya mlinzi wa zamu. Hayamwambii mtu afurahie sasa yake. Yanamwambia kuna kitu kinakuja. Halafu tuna hadhara, kuhudhuria, hadharani, ambayo yanatoka kwenye mzizi mwingine kabisa wa Kiarabu, ingawa kwenye ulimi wetu hadhara na hadhari zimetenganishwa na irabu moja tu. Hadhara ni mbele za watu. Kuwepo, kwa maana hiyo, ni kuwa mahali ambapo wengine wapo pia na wanakuona. Katika akiba hiyo yote sikumbuki hata neno moja la kuwepo peke yako kwa raha yako. Labda lipo na mtu wa pwani atanisahihisha. Hadi hapo nitakuwa na haya mawili, la woga na la watu, na Kapsokwony inayajua yote mawili.

La woga kwanza, kwa sababu wageni wa ukungu hawaambiwi. Kati ya 2006 na 2008 mlima huu ulikuwa na vita. Mzozo wa mashamba ya mradi wa Chepyuk ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force, na kundi likawageukia majirani. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2008 inasema waliua zaidi ya watu 600. Waliwakata watu masikio. Mwezi Machi 2008 serikali ikaleta jeshi, operesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha, na wanaume wakakusanywa kwa mamia, wakapelekwa kambini Kapkota kuchujwa, wakateswa. Ripoti hiyo hiyo inaeleza. Watu walilala vichakani. Mtu aliyelala kwenye mahindi usiku kama ule anajua kubweka kwa kila mbwa wa kijiji, anajua hatua za boti na hatua za ndala, anajua jani likisogea kama ni upepo au si upepo. Kama kuna binadamu aliyewahi kuwa kwenye sasa hivi bila kitu kingine kichwani, ni huyo. Na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angekulipa pesa akarudishwe pale.

Kwa hiyo nikisikia kwamba kuwa macho ni kuzuri kwa kuwa ni kuwa macho, nakataa. Nenda sokoni Kapsokwony mchana, jua likiwa limechomoza baada ya mvua. Utaona mama amesinzia juu ya gunia la vitunguu, mdomo wazi, pesa zimefungwa kwenye ncha ya leso, punda wa jirani anasimama karibu naye na yeye hana habari. Mteja anamwamsha kwa kumgusa bega. Huyo hayupo, tuseme hivyo, na kutokuwepo kwake kumegharimu sana.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kuunganisha. Agosti 2008, miezi mitano baada ya jeshi kupanda mlima, Linet Masai alikuwa Beijing kwenye fainali ya Olimpiki. Mwaka mmoja baadaye, Berlin. Hadithi inajiandika yenyewe: binti wa mlima wa vita, masikio yaliyofunzwa na hofu, anasikia kile ambacho Melkamu hakisikii. Tafadhali tuiache. Ni hadithi inayoifanya vita iwe kocha, na vita haikumfunza mtu kukimbia mizunguko 25. Mazoezi ndiyo yalifanya hivyo, kila siku, milima hii hii, na hayana picha nzuri. Waandishi wetu wa makala za michezo wanapenda sana kumtafutia Mkenya anayekimbia msiba wa kumsukuma. Mara shule ilikuwa mbali, mara njaa. Mtu hawezi kuwa hodari kwa sababu ni hodari.

Beijing yenyewe, by the way, ni mfano mzuri wa jinsi wakati na ushindi visivyofanana. Linet alimaliza wa 4 kwa 30:26.50, rekodi ya dunia ya vijana wakati ule, sekunde 24 na zaidi ndani ya ule muda uliompa dhahabu Berlin. Miaka mingi baadaye Mturuki Elvan Abeylegesse, aliyekuwa wa 2, akapokonywa medali kwa sababu ya dawa, na Linet akapandishwa hadi shaba. Shaba halali kabisa. Lakini ni medali isiyo na dakika yake. Hakuna hadhara iliyomwona akiipata.

Na hapa ndipo ninapotaka kumleta Kezilahabi, maana kama kuna mwandishi wa Kiswahili aliyeliendea jambo hili kwa nguvu zote ni yeye. Katika Kichwamaji (1974) alituchorea Kazimoto, msomi wa chuo kikuu ambaye kichwa chake kinafanya kazi muda wote na maisha yake yanampita pembeni, mpaka anajiua. Nadhani ni riwaya yetu bora kuhusu mtu asiyekuwepo. Miaka 16 baadaye akaandika Nagona, kisha Mzingile mwaka 1991, na humo akaacha kabisa mtindo wa hadithi ya kawaida. Msimulizi anasafiri kupitia miji isiyo na uhai, wanafikra wa Ulaya wanatokea kama wahusika, kila kitu kinaashiria kitu kingine, na safari inaelekea kwenye ngoma kuu. Napenda sana kwamba mwisho wake ni ngoma. Mtoto huyo wa Ukerewe alijua kwamba huwezi kuufikia uhai ukiwa umekaa peke yako na vitabu. Lazima kuwe na duara la watu na miguu inayogonga ardhi. Hiyo ni hadhara.

Lakini nikiisoma Nagona baada ya kuzitazama zile mbio, kuna kitu kinanisumbua. Kitabu kinatangaza mno. Kila kurasa chache tunaambiwa kwamba tunakaribia kitovu, kwamba jambo kubwa limo njiani, na alama inarundikwa juu ya alama hadi msomaji hana jiwe hata moja la kawaida la kugusa. Mikono ya Nagona iko juu tangu mwanzo. Natamani angalau ukurasa mmoja ambapo mtu anafunga kamba ya kiatu. Nasema hivi nikijua kwamba ni kitabu cha ujasiri kuliko karibu chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu wakati huo, na kwamba Kazimoto, aliyeandikwa kwa mtindo wa kawaida kabisa, ananishika koo zaidi.

Sisi tunaoandika sasa, wengi wetu kwenye majarida kama haya, hata huo ujasiri hatuna. Tukifika kwenye dakika ambayo mhusika anazinduka, tunafungua droo na kutoa maneno yale yale: mwili ukamsisimka, nywele zikamsimama, wakati ukasimama. Nimesoma hadithi tatu mwezi huu ambamo wakati umesimama. Saa haikusimama Berlin. Ingesimama, Linet angekuwa wa pili. Kilichompa dhahabu ni kwamba sekunde ziliendelea kwenda na yeye akaenda nazo, hadi ile ya mwisho, hadi kipande cha sekunde. Ukitaka kuandika dakika kama hiyo, niandikie kitu chenyewe: nyayo za aliye mbele, upana wa njia, kiwiko, mstari mweupe. Hisia nitaitoa mwenyewe, sijafa.

Kuna mbio nyingine za watu wa mlima huu ambazo zinanifanya nisiishie kwa Linet. Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mita 1,500. Ben Jipcho, mtu wa Elgon, alikimbia mzunguko wa kwanza kwa kasi ya sekunde 56, kwenye hewa nyembamba ya mji ule, ili kuivunja nguvu ya Mmarekani Jim Ryun na kumfungulia njia Kipchoge Keino. Keino alishinda. Jipcho alimaliza wa 10. Ukiitazama filamu ile utamwona yuko mbele, yupo kwa mwili wote, hajabakiza kitu, na kila hatua anaitoa kwa ajili ya mtu aliye nyuma yake. Anajua kwamba hatakuwepo kwenye picha ya mwisho. Hapo ndipo neno hadhara linapopata uzito kwangu, maana kuna watu walio mbele za watu ili mwingine aonekane. (Jipcho alipata siku zake pia: fedha ya kuruka viunzi na maji Munich 1972, dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola Christchurch 1974. Lakini ni ule mzunguko mmoja unaonirudia.)

Ninaposikia mtu akisema kwamba alihisi kuwepo kikamilifu, swali langu limekuwa hilo: ulikuwepo kwa ajili ya nini, na nani alikuwa karibu? Mgeni wa pango akinijibu kwamba alimshika mkono mwenzake aliyekuwa anaogopa giza, naelewa. Akinijibu kwamba alijihisi yeye mwenyewe, sina la kumwambia, nampa chai.

Kama ukimaliza kuzitazama mbio za Linet una bando limebaki, tafuta zile za wanaume, uwanja ule ule, siku mbili baadaye, tarehe 17 Agosti 2009. Kenenisa Bekele anashinda kwa 26:46.31, Zersenay Tadese wa Eritrea wa pili kwa 26:50.12. Watu huacha kutazama hapo. Usiache. Subiri sekunde saba zaidi, atatokea Moses Masai, kaka yake Linet, kwa 26:57.39, shaba. Hakuna mtu wa kumpita pale mwisho, na dhahabu na fedha zimeshakwenda. Itazame bila sauti.